Kumi Hadi Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka wa thelathini na nane tangu niikimbie nchi yetu. Leo nimeusikia wimbo wetu kwenye foleni ya duka la dawa. "Nani Kafunga Dirisha" — wameuvalisha ngoma za kompyuta, na kijana mmoja anabwabwaja juu yake kama mtu aliyeungua ulimi. Mfamasia alikuwa akitikisa kichwa huku akihesabu vidonge vyangu. Nikamwomba ahesabu upya.

Hili ni toleo la nne ninalolijua. La kwanza lilikuwa la kwaya, maneno yamebadilishwa, dirisha limekuwa la mbinguni. Halafu likaja tangazo la rangi ya ukuta. Halafu bendi moja ya hotelini, polepole, kama chai iliyopoa. Kila mmoja kachuna nyama yake akaenda zake. Hakuna hata mmoja aliyemtaja Chiriku, dada yangu, aliyeuimba kwanza. Mimi nilipiga gitaa la besi tu, nyuma, mahali pangu.

 

Jumatano, 5 Machi

Simu kutoka kule. Mtangazaji! Yule yule aliyekuwa akisoma chati ya nyimbo redioni kila Jumamosi. Sauti ile ile ya asali. Sasa ni mkurugenzi wa tamasha la serikali. Ameniita gwiji. Wanataka nirudi, nipande jukwaani na huyo anayebwabwaja, nimkabidhi gitaa, watu wapige makofi. Tiketi mbili, hoteli, gari la kutupokea. Mawaziri watakuwepo. Eti nchi imebadilika, nitaona mwenyewe.

Nikamuuliza jambo moja. Chiriku amezikwa wapi? Nionyesheni, nitakuja hata kwa miguu.

Akapekua karatasi. Kisha akasema, "Mzee mwenzangu, hilo halimo kwenye ratiba."

Nilikata simu. Binti yake Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, mkoba wa kazini bado begani. Nimemlea tangu ana miaka miwili; sasa anasaga vioo vya miwani na ana mvi zake mwenyewe. Akauliza ni nani. Nikamweleza. Chakula cha jioni kiliungua, na yeye si mtu wa kuunguza chakula.

Jumamosi, 8 Machi

Kwenye intaneti wimbo una ukurasa wake mzima. Uliingia chati namba tisa — kweli. Ukapanda, ukakaa namba moja wiki kumi na moja — kweli. Kisha "ukashuka baada ya ladha ya wasikilizaji kubadilika". Ladha! Nilitema mate kwenye sinki.

Niandike hapa, japo hakuna wa kusoma. Wimbo haukushuka. Chati ilitokana na kadi za kura za wasikilizaji, na kadi zetu zilikuwa zikifika kwa magunia. Tuliuimba kumsuta mwenye nyumba wetu, bahili aliyepigilia misumari madirisha ili wapangaji wasimwage maji nje. Basi. Wakubwa wakausikia, wakajiona wao. Hakuna aliyewataja, walijipeleka wenyewe. Ikateremka amri redioni: wimbo usipigwe, usitajwe. Lakini amri haikusema namba mbili ipande. Na katika ofisi zile hakuna aliyethubutu kufanya lisiloandikwa. Kwa hiyo Jumamosi ile Mtangazaji akasoma kumi, tisa, nane, akateremka hadi mbili. Halafu taarifa ya habari.

Jumamosi iliyofuata, hivyo hivyo. Kumi hadi mbili. Mji mzima ukawa unakaa kando ya redio kusubiri kitu kisichosemwa. Kwa kinyozi mikasi ilisimama. Watu wakaanza kucheka. Ukimjulia mtu hali anakujibu: kumi hadi mbili, ndugu yangu. Wimbo wenyewe usingewauma kiasi kile. Kicheko ndicho kilichowauma. Mtangazaji angeweza kukohoa kidogo akausogeza wa pili juu. Hakufanya. Alikuwa anangoja karatasi.

Wiki ya tano wakaja kumchukua Chiriku. Mtoto alikuwa kwangu, ana surua. Nilivuka naye mpaka wa nchi, vipele vyake havijakauka.

Ladha ya wasikilizaji!

Jumapili, 9 Machi

Toleo jipya limefika namba moja kule. Jirani wa juu analipiga na kulicheza kwa visigino. Sikula.

Jumanne, 11 Machi

Safari hii Mtangazaji hakunitafuta mimi. Amemtumia binti video fupi, eti zawadi kwa familia. Skrini kubwa jukwaani, picha ya Chiriku na lile gauni lake la mistari, midomo inatikisika. Wameitengeneza sauti yake kwa kompyuta. Inaimba ubeti ambao hakuuimba kamwe, wa kuwashukuru walezi wa taifa. Mdomo waliouziba, leo wamejisifia kwa huo huo. Kisha muziki unapungua, sauti inamtaja binti yake kwa jina, inamwita mwanangu, inamkaribisha nyumbani.

Nilikwenda chooni, nikafungua bomba nisiisikie. 

Sauti ile haivuti pumzi. Chiriku alikuwa na pumu. Kabla ya kila mstari wa juu alivuta hewa kwa kelele, kama anayetaka kupiga mbizi, na fundi mitambo alimlalamikia mpaka akachoka. Hao hata hilo hawakulijua. Wametengeneza mtu mwenye mapafu mazima.

Nilipotoka, binti alikuwa akiirudia. Nikamwambia afute uchafu huo. Nikamwambia waliomuua mama yake sasa wanamvaa kama koti la kuazima. Akanitazama bila hasira. Afadhali angekasirika.

"Najua ni mashine, mjomba. Lakini wewe umemsikia akikuita. Mimi sikumbuki."

 

Alhamisi, 13 Machi

Amekubali kwenda. Ndege ni kesho asubuhi. Mtangazaji amemwahidi kwamba baada ya tamasha "labda" kuna mtu atamwonyesha mahali. Labda! Mimi niliomba kaburi nikaambiwa ratiba. Yeye, walipoona anavyoitaka ile sauti, wamemtupia labda. Wanajua kuvua, hawa watu.

Nimemwomba asiimbe nao. Akasema hajaamua. Nikamwambia akionyeshwa mahali, amuulize huyo anayemwonyesha amejuaje. Akaacha kukunja nguo. Akasema atauliza, hata kama mawaziri wamesimama pale. Hapo nilimsikia mama yake, bila skrini.

Shati langu jeupe amelipiga pasi, amelitundika mlangoni. Hakunishawishi kwa neno hata moja. Sanduku liko wazi ukumbini, nguo zake zimebanwa upande mmoja, upande wa pili mtupu. Tiketi ya pili iko mezani, jina langu limekosewa herufi.

Sasa hivi amegonga. Anauliza kama alifunge sanduku au bado. Yupo nje ya mlango ulio nusu wazi, nauona mkono wake kwenye kitasa.

Nitamwambia alifunge. Mimi sirudi.