Nimeuvuka Mlima wa Kwenu, Mwende

Mwende wangu,

Nimeuvuka mlima wa kwenu. Mimi, mtoto wa mtaa wa Jericho pale Nairobi, niliyekuwa nikipanda ngazi za posta nikihema, nimetoka kijiji cha mama yako nikafika cha nyanya yako kwa miguu! Tangu nirudi jana siwezi kutulia. Leo pale sokoni Kariokor nimewasimulia mafundi wenzetu wa viatu mpaka wameniambia ninyamaze nishone. Lakini wewe ndiye niliyetaka kumsimulia. Basi nimekaa kitandani, naandika.

Dada yako Kalondu ndiye aliyeniongoza. Asubuhi ilikuwa ya baridi, nyasi zimelowa umande, njia ikipanda katikati ya mawe makubwa kama nyumba. Ulikuwa ukiniambia kwamba mtu akifika juu anaiona Ukambani yote, nami nikidhani ni maringo yako. Mwende, ulinificha. Hukuniambia kwamba mtu akiona vile anataka kulia na kukimbia kwa pamoja.

Halafu ukungu ukatushukia. Pale njia inapopita ukingoni mwa bonde, mvua ya Aprili ilikuwa imekula udongo, imebaki nafasi ya mguu mmoja tu. Kalondu akaketi chini, akasema turudi. Hata mimi nilitaka kurudi. Ila nyanya yako hakuweza kuja mazishini, miguu yake ilikataa, na sisi tuliokuwa nawe Nairobi hakuna aliyewahi kwenda kumweleza ulivyofariki. Nikampa Kalondu ncha ya leso yangu ashike, nikatangulia nikipapasa mwamba, nikitambaa kama mtoto mchanga. Tulipofika ng'ambo tulicheka hadi tukaishiwa na pumzi. Sijawahi kucheka vile tangu uondoke.

Nyanya yako, Susu kama mnavyomwita kwa Kikamba, alikuwa uani akipepeta mbaazi. Kalondu aliponitambulisha, Susu hakunisalimu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akauliza swali moja tu.

"Alikuwa peke yake?"

"La, Susu," nikamwambia. "Nilikuwa nimemshika mkono. Alikuwa kama mtu anayesinzia."

Akaniachia uso. Kisha akavuta pumzi ndefu, akamwambia Kalondu akamate kuku. Kalondu alininong'oneza jikoni kwamba tangu uzikwe, Susu hakuwa amempikia mgeni yeyote, wala yeye mwenyewe hakuwa akila vizuri. Mwende, alikula! Akatueleza ulivyokuwa mdogo, ukitoroka kwenu kuja kwake kila ukichapwa, na jinsi ulivyomdanganya kwamba mama ndiye aliyekutuma. Alikuwa anajua siku zote.

Tulipoagana aliniambia nisimwite Susu kama mgeni anayeazima jina, bali kama mjukuu wake. Alisema mjukuu aliyeletwa na mlima harudishwi.

Kwa hivyo lala, rafiki yangu, usiwe na wasiwasi juu yake. Kila Agosti kama hii, maadamu magoti yananibeba, nitauvuka mlima kwenda kumwona nyanya yetu.

Ni mimi wako,
Wanjiru