Makapi Kwenye Nta

Jumatatu, 6 Oktoba
Vichwa vitatu kabla ya chai. Viwili kusokota, kimoja kuanza upya. Mkono haujazeeka. Kitale nzima hakuna anayejua mizizi ya dredi kama mimi, na nimesokota Mombasa, Kampala, mpaka Juba. Nywele, maji na subira. Nta sigusi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nafula, mwalimu wa kwaya, hakuja. Nimemwona kwa simu, picha ameweka Wekesa. Dredi zinang'aa kama viatu vya askari. Chini ameandika ati wale wa Kitale wanakuzungusha miezi sita, yeye Bungoma anakumaliza siku moja na nta. Wa Kitale ni nani? Ni mimi. Wekesa niliyemfundisha kushika kichana. Alilala kwangu mwaka mzima, akala ugali wangu. Chai nimeimwaga.

Ijumaa, 10 Oktoba
Sijamjibu. Nitamlipa na mahindi. Mavuno yameanza, kila mtu huku atasimama karibu na mashine ya kupukuchua, makapi yakiruka kama kumbikumbi. Kichwa kisicho na nta unakung'uta, basi. Cha nta kinayameza. Mimi kazi yangu ni kungoja.

Jumamosi, 1 Novemba
Nafula amekuja na kilemba. Ndani makapi matupu, maji hayapenyi, harufu ya kitambaa cha kudekia. Alilia. Nilicheka moyoni, halafu nikaona aibu kidogo. Nimemwosha bila kumsuta. Picha nimepiga. Wawili wa Kiminini na mmoja wa Naitiri walimtangulia, kwa hivyo ninazo nne. Nikiziweka zote siku moja, Wekesa atarudi kuchunga ng'ombe.

Jumanne, 4 Novemba
Wekesa mwenyewe. Nilikuwa nimeshika simu, picha tayari. Ameingia na kofia ya sufu, jua linawaka. Ametoka kupukuchua shambani kwa mama yake. Dredi za miaka saba, nilizianza kwa mkono huu. Akazipaka nta ziwe tangazo. Alikaa kwa kiti bila kuambiwa.

Nilichukua makasi. Kweli nilichukua.

"Umekuja kunyolewa ama kuombewa?" nikamuuliza. Wateja wakacheka.

"Chochote, fundi. Lakini mkebe wa kwanza wa nta, si ulinipa wewe?"

Wateja wakanigeukia.

Ni kweli. Nilitoka na miwili Mombasa, mmoja nikampa, nikamwambia hii ndiyo siri ya wakubwa. Vichwa vilipoanza kunuka niliacha kimyakimya. Yeye alikuwa ameshahamia Bungoma. Sikumpigia. Ningeanzaje, mimi, kusema nilikosea?

Niliweka makasi chini. Nikamwambia arudi asubuhi na taulo yake.

Jumatano, 5 Novemba
Maji moto, sabuni ya kipande, siki. Mara sita. Maji ya kwanza yalitoka kama uji. Dredi nne zilikuwa zimeoza, nimezikata. Amezikunja kwa leso akatia mfukoni. Nami nilimpa chapati.

Hasira bado ninayo. Yale maneno ya "wale wa Kitale" yanauma mpaka sasa. Lakini picha nimefuta.

Wakati wa kufagia nimetoa ule mkebe wa pili chini ya sinki. Miaka yote ulikuwa hapo, nusu imo. Nimeutumbukiza chooni.

Kesho Nafula, saa mbili.