Mwenda Juu ya Mti

Jumapili, mjini Maua

Kile kitufe cha kurudia, kwa nini sikukizima? Haraka zangu hizi.

Wiki nzima nimehangaika na programu ya katuni ya wanaoanza, nikimchora marehemu kaka yangu Mwenda, picha moja moja, akipanda mti wa miraa. Nilitaka Mama amwone akifika juu na kutabasamu. Basi.

Leo nimemwonyesha. Mwenda akapanda, akatabasamu. Kisha katuni ikajirudia, na papo hapo akawa chini kwenye shina. Akapanda tena. Akawa chini tena.

"Kendi," Mama akaniuliza polepole, "mbona unamwangusha?"

Siku Mwenda alipoanguka mtini, Mama alikuwa sokoni. Nimemshukuru Mungu miaka miwili kwamba hakuona.

Leo ameona mara tatu kabla sijafunga kompyuta.