Chini ya Bawa la Kushoto

Wewe! Kaka yako kanivurugia mchezo mbele ya watu wote.

Miezi minane nawaongoza yeye na wenzake watatu kwenye ule mchezo wetu wa dadu na mashujaa, hadithi naitunga mimi. Leo ndiyo wamelifikia joka. Hata sijamaliza kulielezea, kaka yako karukia: "Nalichoma mkuki chini ya bawa la kushoto."

Chini ya bawa la kushoto!! Hajauliza, hajapeleleza, hajafikiria hata kidogo.

"Umejuaje?"

Akacheka. "Nimebahatisha tu."

Kabahatisha! Joka chali, wenzake wananikodolea macho, mimi nimeshika kalamu kama zuzu.

Sasa nisikilize. Siri ile, kwamba joka linauawa hapo tu, sikuiandika hata kwenye daftari langu. Nilimwandikia mtu mmoja tu, juzi, humu humu kwenye meseji unamosoma.

Rudi juu ukaangalie.