Usiende Mutoyi

Muyinga, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Mujukuu wangu Longino,

Amani iwe kwako. Uko muzima? Unakula? Kile kifua cha baridi kilipona? Gitega iko na baridi mubaya, mi naijua, nilizaa watoto sita katika hiyo baridi. Huku sisi tuko. Miguu inauma lakini inatembea. Mbuzi amezaa wawili, mumoja mweusi kama sufuria. Mvua ilichelewa, halafu ikaja yote siku moja, ikachukua maharagi ya Fatuma mpaka barabarani.

Anayeandika ni Uthmani, fundi cherehani, we unamujua, ndiye alikushonea nguo ya shule, suruali ikatoka mguu moja murefu. Anacheka hapa. Anasema suruali ilikuwa sawa, ni miguu yako haikuwa sawa. Simu sitaki. Masikio yangu yamekufa, nikishika simu napiga kelele, mutaa muzima unajua nimekula nini. Barua inanyamaza. Nampa Matata, yule dereva wa kamyo ya muchele, anakufikishia kwenye geti ya kambi.

Bon, ni huyo Matata ameniletea habari. Anasema, "Bibi, kapteni wako anaacha jeshi ya nchi kavu, anaenda jeshi ya anga." Nikamwambia acha uongo, mujukuu wangu tayari anaruka, si anaendesha helikopta? Anasema hapana, hiyo ni jeshi ingine, na nguo ingine, na wakubwa wengine. Ni kweli? Mutu anahamaje jeshi, sawa na mwanamuke anayehama bwana? Wale wa kwanza hawakasiriki? Na huko kwa wapya wanakupima tena mwili, ama wanakuamini tu?

Mama yako yuko palepale Bugendana, kutoka kwako ni mwendo wa asubuhi moja. Sisemi uende. Nasema tu yuko.

Ni mimi Bibi yako,
Dorotea

Gitega, 16 Februari 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako imefika, na mimi ni mzima. Kifua kimepona. Pole kwa miguu. Msalimie Fundi Uthmani, mwambie miguu yangu leo iko sawa, jeshi limeipima.

Matata hakusema uongo. Miaka kumi na moja nimekuwa mtu wa jeshi la nchi kavu. Hata waliponipeleka kujifunza urubani nilibaki wao: nabeba maharagwe yao, nabeba majeruhi wao. Sasa ile helikopta imezeeka, imelala chini tangu mwezi wa tisa, na rubani asiyeruka anageuka karani. Jeshi la anga wanataka marubani wa ndege ndogo ya kubeba wagonjwa, watu kumi na wawili kwa safari. Nimeomba. Wamenikubali kwa masharti.

Masharti yenyewe ni haya. Navua nyota moja, kutoka kapteni narudi luteni. Nakaa darasani na vijana wa miaka ishirini na mbili wanaoniita "mzee". Wenzangu wa zamani wameacha kunisalimu mezani, mmoja ameniambia, "Nenda, lakini ukianguka usituite." Na mikono inabidi isahau ilichojua. Helikopta unaweza kuisimamisha hewani ukafikiri kwanza. Ndege ikisimama inaanguka. Wakinikataa hapa, kule nilikotoka hawanirudishi.

Na ndiyo, wananipima upya, kuliko mara ya kwanza. Daktari ameliona kovu la mkono wa kushoto, akauliza. Nikamjibu ulivyoniambia siku zote: uji wa moto, nilikuwa na miaka sita, mama aliacha sufuria akaenda kupiga soga. Anataka maandishi ya aliyenilea, au cheti cha walionitibu. Niandikie mistari miwili tu. Ukishindwa, hospitali ya Mutoyi si mbali, masista wa pale wana madaftari ya zamani. Nitaenda Jumamosi moja.

Mama sijaenda kumwona. Kila nikivaa shati la mikono mifupi namkumbuka, inatosha.

Mjukuu wako,
Longino

Muyinga, tarehe 23 mwezi wa pili

Mujukuu wangu,

Uko muzima? Sisi tuko. Usiende Mutoyi.

Barabara ya kule imeharibika, na wale masera, hao masista wako wa zamani, wengine wamekufa, wengine wamerudi kwao. Madaftari ni panya wamekula, mi naijua ile nyumba. Utaenda bure, utachafua viatu.

Uji, ndiyo. Uthmani, andika uji. Mi Dorotea, bibi ya Longino, nasema mutoto aliungua na uji, alikuwa na miaka sita. Basi, mistari miwili.

Lakini mi nakuuliza, we unalala vizuri? Asubuhi ukiamka ulimi hauumi? Shuka haijakunjana sana? Na hiyo avioni, hiyo ndege yako, iko na dereva mumoja ama wawili? Huko juu mukiwa wawili, mumoja akishikwa na kitu, mwingine anaendesha. Usikubali kuwa peke yako. Na ulale mapema. Masera walisema usikose usingi... Futa hiyo, Uthmani. Anasema wino haifutiki. Anasema pia nikimwambia "futa" nisiseme kwa haraka, maana mukono wake unaandika tu.

Rudi kwa jeshi ya kwanza. Waombe musamaha. Mutu kuwa karani ni kitu mubaya? Karani anakaa kwenye kiti, kiti iko chini.

Ule mweusi wa mbuzi hataki kunyonya.

Bibi yako,
Dorotea

Gitega, 3 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Natumaini miguu imepata nafuu, na mbuzi ananyonya.

Barua yako sikumpa daktari. Mtu akiulizwa habari ya kovu anajibu habari ya kovu. Wewe umeuliza habari ya ulimi.

Nani alikuambia? Sikumwambia mtu. Mwezi uliopita tulikesha siku tatu tukisoma kwa ajili ya mtihani. Siku ya nne niliamka nimeuma ulimi, mto una damu, mwili unauma kama nimepigwa. Nikasema ni ndoto mbaya. Nikafua foronya mwenyewe, nikaenda darasani.

Masera walisema nisikose usingizi kwa nini, Bibi? Mtoto aliyeungua na uji anakatazwa kukesha?

Daktari ameniruhusu niruke, kwanza na mwalimu, wakati tunasubiri maandishi yako. Jumatatu tarehe 17 mwalimu anashuka, naruka peke yangu mara ya kwanza. Wiki inayofuata wanapanda wagonjwa.

Mutoyi sikwenda, kwa sababu umenikataza. Ni mara ya mwisho nakutii bila kuambiwa sababu.

Mjukuu wako,
Longino

Gitega, 13 Machi 2025

Bibi, shikamoo.

Matata amepita mara mbili mikono mitupu. Anasema unafika kwa Uthmani, unakaa, unaongea habari za mbuzi, halafu unaondoka.

Jumatatu saa mbili asubuhi naruka. Nimemwapia mwalimu kwamba sina ugonjwa wowote. Nataka kujua kama nimeapa uongo.

Longino

Muyinga, tarehe 15 mwezi wa tatu, Jumamosi

Longino, mujukuu wangu,

Uko muzima? Leo nauliza kweli. Zile siku zingine niliuliza kwa desturi.

Barua yako haikusema mujukuu wa nani. Nilimwambia Uthmani aangalie na nyuma ya karatasi. Akasema nyuma ni nyeupe.

Nimekuja kwake mara nne. Yeye amefunga Ramadhani, mudomo umekauka, na mi namusimulia mbuzi. Leo baraza imejaa watu. Pili yuko hapa anangojea sketi, Shabani anangojea kanzu ya Idi. Nilitaka kungoja waondoke. Halafu nikaona nikingoja saa ambayo hakuna watu, avioni itakuwa imepanda. Wabaki. Wasikie.

Haikuwa uji. Andika, Uthmani, usiniangalie. Haikuwa uji, ilikuwa kifafa. Ile kwetu tunaita intandara.

Ilikuwa asubuhi, kule Bugendana. Mama yako Lucia anachambua maharagi mulangoni, we umekaa karibu na mafiga. Nikasikia kitu imeanguka sawa na gunia. Mukono yako ilikuwa ndani ya moto, na we unatetemeka, macho nyeupe, hujui unaungua. Mi nilisimama. Nakuambia, mi bibi yako nilisimama nikaangalia. Niliogopa yale mate, walitufundisha tangu zamani mate ya mugonjwa inaambukiza. Mama yako aliingiza mikono yake yote miwili kwenye moto, akakutoa. Mikono mitupu. Hata kitenge hakuvuta.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kuanguka, baba yako hajui hata moja. Masera wa Mutoyi walikupa vidonge nyeupe, kila jioni, miaka mitatu, mi nakudanganya ni dawa ya minyoo. Ikaisha. Walisema, "Imelala, lakini asikose usingizi, inaweza kuamka." Na we unaniandikia siku tatu mumekesha. Niliposomewa hapo, mi nilikaa chini kwenye vitambaa vya Uthmani.

Utauliza, sasa uji ilitoka wapi. Ni juu ya hii: mutoto wa kifafa hakuna anayekula naye sahani moja. Hakuna anayemupa kikombe. Shule wanamurudisha, na akikua hapati muke. Nilimwambia Lucia: tuseme ni uji, tuseme uliacha sufuria. Akasema sawa, ni mutoto wangu. Halafu baba yako Gervasi, mutoto wangu, Mungu amulaze pema, akarudi kutoka kazini, akasikia uji. Akamupiga. Akamufukuza. Lucia aliniangalia mimi. Mi nilikuwa na kikombe changu mukononi, nikakunywa.

Gervasi alipokufa nikakuleta Muyinga, mahali hakuna anayetujua, na kila mwaka nikaongeza kidogo. Ile ya kwenda kupiga soga nilitunga mwenyewe. Haikuwa hata lazima.

Pili amesimama. Nilidhani anaenda. Amekaa tena. Shabani anaangalia viatu vyake. Uthmani amesimamisha kalamu, anasema, "Bibi Dorotea, hii yote niiandike? Hapa kwa Muyinga?" Andika. Kesho kama hakuna anayekuja kununua ndizi zangu, nitazila mwenyewe.

Usipande Jumatatu. Mupe daktari hii barua, yote, hata na mbuzi. Najua umevua nyota yako juu ya hiyo kazi. Najua nyuma mulango umefungwa. Ningesema mapema, usingevua. Hiyo dhambi ni yangu, na ya mama yako ni yangu, nitakwenda nazo.

Ukinikasirikia, kasirika. Lakini kasirika ukiwa chini.

Bibi yako, kama bado,
Dorotea
(kidole chake hiki hapa)

Kapteni, mimi Uthmani naongeza. Kamyo ya Matata imeharibika kule njiani na haitoki mpaka Jumanne. Cherehani nimefunga. Barua naileta mwenyewe.

Bugendana, 20 Machi 2025

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mzima. Nakujibu kweli, kama ulivyouliza.

Jumatatu saa mbili kasoro dakika chache, mwalimu alikuwa ameshashuka. Nilikuwa nimekaa peke yangu, nimefunga mkanda, nakagua vipimo vya ndege kimoja kimoja. Askari wa geti akaja anakimbia: "Kuna mzee ana tepu ya fundi shingoni, anapiga kelele jina lako, amekataa kuondoka." Nikashuka. Nilisoma barua nimesimama kwenye majani, na Fundi ameshika kofia yangu. Mwalimu alidhani naogopa. Nilimwacha adhani hivyo mpaka nilipofika kwa daktari.

Daktari ameisoma yote. Kwenye mbuzi alicheka kidogo, mahali pengine hakucheka. Nakwenda Bujumbura kupimwa kichwa kwa mashine. Amesema niwe tayari kusikia kwamba sitaruka tena. Watu wa nchi kavu nimewaandikia, hawajajibu. Nyota nimevua, mabawa sikupata. Ile ndege aliirusha kijana mmoja wa darasa langu. Nilikaa nikaitazama mpaka ikatua. Alitua vizuri.

Nina hasira, Bibi. Kubwa. Ninayo hapa chini.

Fundi aliniambia jambo. Kwamba jioni ile ya Jumamosi Pili alikuja kwako na uji wa futari kwenye kikombe kimoja, akanywa nusu, akakupa nusu. Na kwamba ulimwambia sukari haitoshi.

Jana nimekuja kwa mama. Alikuwa analima, akaja ananyoosha mkono kunisalimu, halafu akaurudisha nyuma, kama amezoea kuuficha. Nikaushika. Miaka yote sijawahi kutazama viganja vyake. Vidole viwili havinyooki. Nilimsomea barua yako mlangoni. Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Imemchukua miaka ishirini na nane. Na alikuwa anaongea kila siku." Halafu akaenda kuweka maharagwe motoni. Baadaye akaniuliza kama miguu yako inaweza kufika mpaka huku. Nikamwambia sijui. Jibu hilo ni lako.

Daktari amenipa fomu mpya, naijaza hapa kwenye goti. Palipoandikwa "kovu, sababu" nimeandika: moto. Fomu haiulizi nani alinitoa. Nimeandika pembeni, nje ya mstari: mama yangu, Lucia, kwa mikono mitupu.

Mjukuu wako,
Longino