Punje za Bhoke na Maji ya Majivu

Musoma, Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi na mvua imegoma. Na mimi nimenuna hivyo hivyo.

Nina wivu. Basi, nimeandika.

Kwenye maabara yetu ndogo tunageuza mafuta ya sangara kuwa dizeli. Kazi yenyewe inafanywa na vimeng'enya, ambavyo tunavifungia ndani ya punje laini za ute wa mwani, ndogo kama mtama. Dizeli ikiwa tayari unachuja, unaosha punje, unazitumia tena. Zangu ziliishia mara ya pili. Za Bhoke, aliyenikuta kazini, ambaye hata kuudondosha ute tone kwa tone ugande kuwa punje nilimfundisha mimi, zimefika mara ya tisa. Mkuu wetu kamchagua yeye awaonyeshe wageni kesho. Mimi nipange viti.

Zangu niliziua mwenyewe. Nimekulia Mugango, na kwetu sufuria yenye shombo ya sangara inaoshwa kwa maji ya majivu. Mkono umezoea. Nikaziosha punje hivyo hivyo, zikayeyuka zikawa uji. Nilimwaga, nikamwambia mkuu kwamba mwani ulikuwa mbovu.

Leo Bhoke alitumia mafuta yaliyotoka Kibara, yaliyolala siku kadhaa. Punje zikanuka. Akanifuata, akiwaza wageni.

"Dada, wewe hii shombo unaitoaga na nini?"

"Majivu."

Neno moja tu. Nikajiambia sijadanganya, maana shombo kweli naitoa kwa majivu. Nilijitetea hivyo mpaka saa sita mchana, nikifuta meza ambayo ilikuwa safi.

Saa nane nilimkuta ameinamia beseni la uji.

Hakunilaumu. Alikwenda kwa mkuu akasema kosa ni lake, hakujaribu kwanza kwa punje chache. Kisha akaomba kesho nisimame mimi, niwaeleze wageni kwa maneno, kwa sababu dada anajua kueleza kuliko yeye. Mkuu kakubali. Nimepata nilichokuwa nakililia wiki nzima, na chakula cha mchana bado kiko kwenye kontena, sijakigusa.

Nimejaribu kumwambia mara mbili. Mara zote mbili nimeishia kuuliza habari za mama yake.

Blogu hii wengi wanaipitia tu. Mtu mmoja ndiye hajawahi kukosa, na kila nikiandika ananiachia neno zuri kabla sijafunga simu.

Ni Bhoke.

Nachapisha.