Viatu Ulivyonitumia

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Kakese tunaendelea. Babu yako anavuna mpunga, na sukari yangu imetulia. Umeuliza kama viatu ulivyonitumia navivaa au nimevifungia sandukuni.

Nilipokuwa msichana, viatu vya kanisani tulivibeba mkononi, tukavivaa mlangoni ili visichakae. Jumapili moja nilichomwa mwiba njiani, nikalia. Mama aliutoa, kisha akakagua kama viatu havijaingia tope.

Mwezi uliopita, nikinawa miguu jioni, nilikuta mwiba kisiginoni. Nilishinda nao bila kuusikia, maana sukari imeitia miguu ganzi. Nilitamani ungeuma kama ule wa zamani. Kidonda kimefunga.

Sasa navivaa hata nikienda jikoni. Vimeshachubuka, usinune. Afadhali vichubuke viatu kuliko miguu.

Bibi yako